Alama za Mikono Kwenye Magunia

Nyinyi vijana mnaonyanyua ngoma za breki za malori pale Lusahunga, nyuma ya mashine ya kusaga, nimekuwa nikiwatazama. Mtanisamehe. Siwezi kupita mahali watu wanaponyanyua vitu vizito nikaendelea na safari yangu kama sijaona.

Juzi mmoja wenu alijimwagia chaki viganjani mpaka nikadhani anataka kukanda chapati. Akapiga makofi, vumbi likaruka, wenzake wakampiga picha. Kisha akashika chuma, akakifikisha magotini, kikamponyoka. Akakitukana chuma. Mimi nikacheka, akanigeukia na macho makali, halafu akakumbuka kwamba nina mvi, akasema, "Shikamoo babu." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aje kesho yake nimwonyeshe jinsi ya kushika. Hakuja. Basi nimeamua kuandika, labda kusoma mnaweza, maana kusikiliza kumewashinda.

Mimi ni Laurenti, mzaliwa wa Ntobeye, na kazi yangu ilikuwa ukuli. Sikunyanyua vitu ili nitunishe kifua. Miaka ile ya wakimbizi, watu walipovuka mipaka ya Rwanda na Burundi wakaijaza Ngara, chakula chao kililetwa na malori makubwa, kikashushwa kwenye ghala moja karibu na njia panda hapa Lusahunga, kisha kikapakiwa kwenye malori madogo kwenda kambini. Kati ya lori kubwa na lori dogo tulikuwepo sisi. Mahindi yale, maharage yale, unga ule, vyote vilipita mikononi mwetu. Hakuna aliyetupiga picha tukibeba.

Nitawaambia habari ya kushika na kukausha mikono, kwa sababu ndiyo ninayoijua. Lakini mjue kabisa kwamba nawaambia kwa ajili ya mtu mmoja aitwaye Nyandwi, aliyekuwa na mikono mizuri kuliko wote ghalani, na sasa hana. Mikono yake haikukatwa. Anayo mpaka leo kama bado yu hai. Mkifika mwisho mtaelewa.

Kwanza chaki. Chaki si gundi. Haikushikishi kitu, inakunywa jasho tu. Ukipaka nyingi, ile ya ziada inakuwa unga unaoteleza kati ya ngozi na chuma, na ndiyo iliyomwangusha yule bwana wa picha. Paka kidogo, sugua mpaka iingie kwenye mistari ya kiganja na katikati ya vidole, kung'uta inayobaki. Usisahau kidole gumba. Wengi wanapaka kiganja kizima wakaacha gumba likiwa limelowa, na gumba ndilo linalofunga mlango.

Halafu sugu. Mnajivunia sugu zenu kama vyeo. Sugu ikisimama, chuma kinaikunja, inachanika, na ukichanika kiganja huna kazi wiki nzima. Sisi tulizisugua kwa jiwe jioni, ngozi ikiwa laini baada ya kuoga, mpaka ziwe sawa na kiganja. Kucha fupi. Na usishike kitu katikati ya kiganja, kishike pale vidole vinapoanzia, maana ukikishika katikati kitateremka chenyewe na kukubana ngozi.

Hayo yote nilifundishwa na Mzee Kagoma, Msubi wa Runazi. Alikuwa amebeba pamba na mahindi ya ushirika tangu mimi sijaota ndevu, na alikuja ghalani wakati watu wa umri wake walishaanza kukaa barazani. Alikuwa mfupi, mkavu, na alikuwa na vidole vinene ambavyo havikunyooka kabisa hata akiwa amelala. Ukienda kuomba kazi kwenye kundi lake, hakukuuliza umesoma wapi. Alikata mgomba, akaumenya ganda la nje, maji yakawa yanatiririka, akakwambia uubebe kwa mikono miwili mbele yako mpaka getini bila kuukumbatia. Jaribuni siku moja. Mgomba mbichi uliomenywa unateleza kuliko kambale. Mimi uliniponyoka mara nyingi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe unaukaba," aliniambia. "Unaukaba kama umemkamata mwizi wa kuku. Rishike gogo, usirikabe. Ukirikaba sasa hivi, ukifika kule utakuwa umeshachoka."

Wasubi wa kwao walichanganya l na r, na sisi Wahangaza tulimtania kwa hilo, ingawa na sisi si hodari sana. Lakini alichosema kilikuwa kweli. Mkono una akiba, na mjinga anaimaliza kwenye kuanza. Shika kiasi cha kutosha mzigo usianguke, basi. Mkiona mtu amekunja uso na kung'ata meno kabla hata chuma hakijatoka chini, huyo hatafika mbali.

Magunia yenyewe yalikuwa ya aina mbili. Yale ya zamani, ya katani, yalikuwa na nyuzi zinazokwaruza, na pembe zake zilifungwa zikawa kama masikio. Ukishika sikio la gunia la katani hata ukiwa na jasho, linakushika na lenyewe. Lakini chakula cha wakimbizi kilikuja kwenye sandarusi, zile nyeupe za plastiki zinazong'aa, zimejazwa kwa mashine mpaka zimekakamaa, hazina sikio wala mkia. Zikipata vumbi zinateleza, zikipata umande zinateleza zaidi. Wiki ya kwanza tuliangusha mengi kiasi kwamba kuku wa jirani walihamia ghalani.

Tulijaribu kila kitu. Jivu lilikausha vizuri, lakini jivu likichanganyika na jasho linachoma, na mtu mwenye nyufa viganjani alikuwa anaruka kama amekanyaga siafu. Unga wa muhogo uligeuka ugali. Mchanga uliondoka na ngozi. Chaki ya shule ilifaa sana, ila mwalimu wa shule ya karibu alikuja na fimbo akiuliza nani anawatuma watoto wake waibe chaki. Ndipo Mzee Kagoma akatuletea ingwa.

Ingwa ni ule udongo mweupe ambao mama zetu wanapakia kuta za nyumba. Wengi wenu mmeuona kwa bibi zenu. Ukikaushwa, ukatwangwa na kuchekechwa kwenye kitambaa, unakuwa laini kuliko hiyo chaki mnayonunua, na hauchomi. Tuliuweka kwenye kopo mlangoni. Kila mtu akipita alichovya, akasugua, akakung'uta, akaendelea. Magunia yakaacha kuanguka. Kuku wakarudi kwao.

Sasa niwaeleze tulivyofanya kazi, kwa sababu msipoelewa hapa hamtaelewa kilichompata Nyandwi. Hukubeba gunia peke yako. Wawili walisimama juu ya lori, kila mmoja akashika pembe zake. Wa tatu, mbebaji, alisimama chini ameinamisha kichwa, mgongo wake kwao. Wale wawili walibembeza gunia pamoja, wakaliachia pamoja, likatua kwenye mabega ya mbebaji, limelala sawasawa. Mbebaji haoni kitu. Anatazama miguu yake tu na kusubiri uzito. Shingo yake iko mikononi mwenu nyote wawili, na mmoja akichelewa kidogo tu, gunia linakuja na pembe yake mbele.

Warushaji tulikuwa mimi na Mzee Kagoma. Mbebaji wetu alikuwa Nyandwi. Alikuwa Mrundi wa kambini, kijana mpole, mrefu, ameoa karibuni. Mkewe aliitwa Spesioza. Nyumbani kwao alikuwa seremala, akakimbia bila hata randa. Alikuwa na mpango mmoja ambao alituambia mpaka tukauchoka: afanye kazi ghalani mpaka apate vyombo vyake tena, atengeneze milango na vitanda, asipange tena foleni ya mtu yeyote. Wakati wa kupumzika aliokota vipande vya mbao za pale ghalani na kuchonga vijiko kwa kisu kibovu. Mimi ninacho kimoja. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ya kubeba gunia na bado vikaweza kuchonga ua dogo kwenye mpini wa kijiko. Watu wa namna hiyo ni wachache, niamini.

Basi siku moja lori letu lilirudi kutoka kambini na mzigo wake. Dereva akasema watu wamekataa chakula.

Hatukuamini. Watu wenye njaa wakatae chakula? Nyandwi aliporudi kutoka kwake kambini kesho yake akatueleza, na alieleza kwa aibu. Magunia yetu yalikuwa na alama za mikono, vidole vitano vyeupe upande huu na vitano upande ule. Bibi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni alizitazama, akarudi nyuma, akasema kwa Kirundi, "Ibi ni ivya Kiranga." Vitu hivi ni vya Kiranga.

Nyinyi mmezaliwa juzi, hamjui Kiranga. Ni yule pepo ambaye wazee wa zamani, Burundi na hata huku kwetu, walimwabudu kabla ya dini. Waliokuwa wakiingizwa kwake walipakwa ingwa, udongo uleule. Watu wale kambini walikuwa Wakristo, wengi wao wameokoka, na walikuwa wametoka mahali ambapo jirani alimgeuka jirani. Kila siku ulizuka uvumi mpya kwamba chakula kimetiwa kitu. Ukiwa hivyo, ukaona mkono mweupe wa Kiranga juu ya maharage ya watoto wako, nawe ungerudi nyuma. Bibi yule simlaumu. Nimejaribu kumlaumu, nikashindwa.

"Mimi niliwaambia," Nyandwi alisema. "Nikawaambia ni sisi, ni mikono yetu, ni kwa ajili ya jasho. Wakaniuliza, na wewe umepakwa? Nikasema ego, ndiyo, napaka kila siku. Wakarudi nyuma wote. Sha Laurenti, hata mchungaji wangu alinigeuzia mgongo."

Bwana stoo, msimamizi wa ghala, alikuwa mtu wa mbali ambaye hakujua Kiranga wala ingwa. Alichojua ni kwamba lori lake limerudi na chakula na kwamba wakubwa watauliza. Akaja mlangoni, akapiga teke kopo letu.

"Sitaki uchawi kwenye ghala langu," akasema.

Mzee Kagoma akamwamkia kwanza, yeye mzee akamwamkia kijana, kwa unyenyekevu tu. Akamwambia, "Bwana mkubwa, udongo huu ni wa kukaushia mikono. Tupe matambara, tutafuta kira gunia kabla harijaondoka. Arama hazitaonekana."

"Mzee, kazi yako ni kubeba au kufuta?"

Mimi nikasema turudishiwe magunia ya katani. Nikasema basi turuhusiwe jivu, jivu halina Kiranga. Nikasema mambo mengi siku ile, na sauti yangu ilipanda, mpaka mlinzi akasogea. Bwana stoo akanionyesha getini. Nje ya geti walikuwa wamekaa wanaume wengi kama kawaida, Wahangaza, Wasukuma, Warundi, wanasubiri mmoja wetu afukuzwe. Hakuhitaji kuongeza neno.

Wiki ile wakatuletea glovu. Za kitambaa, nyeupe, mpya, kila mtu jozi yake. Wageni walikuja kuona tukizivaa, na hapo ndipo tulipopigwa picha, mara moja tu. Nyandwi alijitazama mikono akacheka, akasema, "Leo tumekuwa bibi harusi." Mzee Kagoma alizivuta zake, zilikuwa kubwa kwake mbele na nyembamba kwenye vile vidole vyake vilivyokunjamana. Akasema, "Hizi ni za kumbebea mtoto mchanga."

Sikilizeni jambo hili kuhusu glovu, maana na nyinyi nawaona mnazivaa. Mkono unajua mzigo kupitia ngozi. Gunia likianza kuteremka, ngozi inajua kabla yako, na vidole vinakaza vyenyewe. Ukiweka kitambaa katikati, unashika kitambaa na kitambaa ndicho kinashika gunia, na hao wawili hawana mapatano. Zikiwa mpya zilifaa kidogo. Zikishika vumbi la unga na jasho zilikuwa laini na zinang'aa viganjani. Ukivua, mlinzi alikuona, na ukionwa umeondoka. Tulikuwa tukimvizia akigeuka, tunavua, akirudi tunavaa. Watu wazima, tunajificha kama watoto wanaolamba sukari.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha. Lori lilikuwa la maharage. Maharage ni mabaya kuliko mahindi, yanakimbilia upande mmoja wa gunia na kuacha pembe tupu. Mlinzi alikuwa amesimama palepale, bwana stoo naye yupo mlangoni na chai yake. Tulivaa. Nyandwi aliinamisha kichwa, akapanua miguu yake, akasema kama alivyosema siku zote, "Haya, wazee, nipeni."

Tukabembeza. Tukaachia. Yaani mimi niliachia. Glovu ya Mzee Kagoma ilikuwa imeshachomoka mkononi mwake kabla ya wakati, ikabaki imebanwa kwenye pembe ya gunia, mkono wa mzee ukarudi mtupu. Gunia likapinda hewani. Likatua kwa pembe, juu ya shingo.

Hakulia. Alianguka kifudifudi, gunia likabingirika pembeni yake. Niliruka chini, nikamgeuza uso usiwe kwenye matope. Alikuwa anapumua, macho yake wazi, anatazama huku na huku kama mtu aliyeangusha kitu.

"Laurenti," aliniambia, "mikono yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimeishika. Yote miwili, nimeishika mikononi mwangu, naifikicha, namwambia hii hapa, hii hapa ndugu yangu. Hakuisikia.

Hospitalini walifanya walichoweza. Miguu ilirudi kidogo baada ya miezi mingi, akawa anaweza kusimama akiegemezwa. Mikono haikurudi. Ilining'inia tu, na vidole vilijikunja ndani polepole vikabaki hivyo.

Bwana stoo aliulizwa, akajibu kwamba wafanyakazi walikuwa wamepewa vifaa vya usalama na walikuwa wamevivaa. Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza swali la pili. Nilisimama nikasema yote ninayowaambia hapa, mbele ya watu, nikasikilizwa kwa heshima, nikashukuriwa, na kazi ikaendelea mchana uleule.

Kambini walimwombea Nyandwi. Msidhani walimwombea apone. Walimzunguka kitandani wakamwombea atubu, kwa sababu alikiri mwenyewe kwamba alipaka ingwa kila siku, na sasa Mungu amemwadhibu mikono ile iliyopakwa. Spesioza aliniambia haya huku akimlisha uji kwa kijiko. Nilimwuliza mumewe alisema nini. Akasema, "Ametubu. Angefanya nini?" Nimekuwa Mkristo maisha yangu yote, na nawaambia wazi kwamba siku ile nilichukia.

Mzee Kagoma aliacha kazi, akarudi Runazi kwenye mihogo yake. Nilikwenda kumsalimia. Nikasema shikamoo, akasema marahaba mwanangu, na mikono yake ikabaki ndani ya koti. Hakumpa mtu mkono tena mpaka alipokufa. Nilimwambia hakuwa yeye, ilikuwa glovu. Akasema, "Najua." Kisha akaniuliza kama mvua imenyesha Ntobeye.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa hiyo lisomeni vizuri. Baadaye bwana stoo akahamishwa. Aliyemfuata hakujali tunapaka nini. Glovu zikaisha, wapishi wakachukua zilizobaki kuepulia sufuria. Tukarudi kwenye ingwa, magunia yakatoka na alama zetu zilezile, vidole vitano huku, vitano kule. Wakati huo chakula kambini kilikuwa kimepunguzwa, kikapunguzwa tena. Hakuna bibi aliyerudi nyuma. Hakuna mchungaji aliyegeuza mgongo. Waliyapokea magunia wakashukuru. Kumbe ilihitajika njaa kidogo tu zaidi, au subira kidogo tu zaidi, na Nyandwi angekuwa na mikono yake.

Warundi walipoanza kurudishwa kwao, niliomba kazi ya kupakia mizigo kwenye malori ya kwenda mpaka wa Kabanga, kusudi niwe pale zamu yao ikifika. Ilifika. Spesioza alikuwa na godoro, sufuria na mtoto mgongoni. Nyandwi alisimama kando, ameegemea nguzo, amevalishwa shati safi, amekonda. Nilimbeba mwenyewe, sikumwachia mtu. Nimebeba vitu vizito miaka yote ile, lakini hakuna kilichonichosha kama yule mtu mwepesi.

Nilimkalisha juu ya godoro, nikamwegemeza kwenye ubavu wa lori, nikamfunga kwa kanga ya mkewe asianguke kwenye kona. Tulitaniana kidogo. Akanisihi nijitunze mgongo. Dereva akawasha gari, akapiga honi, na mimi nikachukua mkono wake wa kulia pale ulipolala pajani, nikaushika kumuaga. Wa kushika nilikuwa mimi peke yangu.